Yuniti za Zamu ya Nne

Namba zilikuwa ishirini. Bi Mwanaasha alizisoma moja moja kutoka kwenye kipande cha daftari alichoandikiwa na wakala, na Benjamin akazibonyeza kwenye mita ya umeme ya luku iliyokuwa ukutani mwa korido. Alisoma taratibu, kidole juu ya karatasi, kwa sababu mwezi uliopita aliruka namba moja ikabidi waanze upya, na Herieth akasema kuna watu kazi ya kusoma wangewaachia wajukuu zao.

"Tatu. Tatu tena. Sifuri."

"Sifuri. Bado?"

"Saba ya mwisho."

Mita ikalia kidogo, ikaandika. Mzee Suleiman, mwenye nyumba, alikuwa na miwani mkononi lakini hakuivaa, alizoea kusomewa.

"Zimeingia kumi na moja nukta saba," Benjamin alisema, kisha akakohoa, kama mtu aliyetaja jambo lisilofaa mbele ya wakwe.

"Kumi na moja?" Herieth alitokeza mlangoni kwake, kanga kifuani, nywele nusu zimesukwa nusu bado. "Za elfu tano?"

"Za elfu tano," alijibu Bi Mwanaasha.

"Elfu tano hii hii ninayoijua mie?"

Nyumba ile ya Keko Machungwa ilikuwa na familia nne na mita moja. Kila mwezi walinunua umeme kwa zamu, elfu tano kila zamu: Mzee Suleiman wiki ya kwanza, Benjamin ya pili, Herieth ya tatu, na Bi Mwanaasha ya nne. Zamu ya nne aliiomba mwenyewe, maana hela ya binti yake Lulu, anayefanya kazi za ndani Maskati, ilikuwa haifiki kabla ya tarehe ishirini.

"Mie nilipoweka tarehe nane ziliingia arobaini na moja," alisema Benjamin. Alikuwa fundi wa vitanda, mtu wa futi kamba na penseli sikioni, na hakupenda kitu kisicholingana. "Sisemi kitu. Nasema tu ziliingia arobaini na moja."

"Na mwezi uliopita Mama Lulu aliingiza ngapi?" Herieth aliuliza. "Kumi na moja. Na mwezi wa juzi? Mama Lulu, hakuna aliyesema umeiba. Ila hiyo elfu tano naona ina vituo vingi toka chumbani kwako mpaka kwenye mita."

Mtu mmoja akacheka ndani ya chumba cha Benjamin. Alikuwa mgeni tu, aliyekuja kuulizia kabati, lakini kicheko chake ndicho kilichomchoma Bi Mwanaasha zaidi, kwa kuwa hata jina lake hakulijua.

"Nimempa Jesca wakala elfu tano mkononi," alisema. "Nusu ya elfu sikuigusa."

"Na friji je? Usiku na mchana linanguruma. Linatumalizia umeme halafu hela yenyewe hailetwi."

Mzee Suleiman aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda jambo liishe kabla ya swala. "Basi, basi. Mie sitaki kelele kwenye nyumba yangu. Mwezi unaoanza, mwenye friji alipe elfu thelathini. Akishindwa, alizime. Akishindwa na hilo, vyumba viko vingi Temeke hii."

Bi Mwanaasha akakunja karatasi yake mara nne, akaingia ndani. Mjukuu wake Farida, wa miaka sita, alikuwa amekaa chini ameegemea friji, mgongo kwenye mlango wake wa bati. Lilikuwa friji dogo, lililonunuliwa kwa hela ya Lulu ya miezi mitano ili mama yake aache kukaanga vitumbua kwenye moshi, auze barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Lulu mwenyewe hakuwahi kuliona. Farida alikuwa ameambiwa hili ni friji la mama, naye akalipokea hivyo hivyo, kwa ukamilifu. Mota ilipowaka, mtoto akatabasamu.

"Bibi, mama ameamka."

"Ameamka," alisema Bi Mwanaasha.

*

Lulu alikuwa anapiga simu Ijumaa tu, alasiri, familia anayoifanyia kazi inapotoka kwenda kutembea. Siku nyingine zote simu ilikaa kwa bibi mwajiri wake, kwenye droo. Kwa hiyo tangu saa tisa Bi Mwanaasha huwa amekwishakoga, amevaa dera safi, ameweka simu juu ya mto kana kwamba ni mtoto aliyelala. Walikuwa wakiongea kwa sauti tu. Picha inakula bando.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Farida yupo?"

Farida akasalimia, akaimba kipande cha wimbo wa chekechea, akasema jino linatikisika. Lulu akacheka, akauliza lipi, la juu au la chini, akauliza tena kama vile hakusikia. Kisha akamwambia ampe bibi.

"Mama, Herieth kaniandikia."

Herieth na Lulu walikuwa wakisukana nywele kwenye korido hii hii.

"Kasema nini?"

"Mama, ile elfu tano ya umeme unaifanyia nini?"

"Nanunulia umeme."

"Yote?"

"Yote, Lulu."

"Siulizi kwa ubaya mama. Kama chakula kilipungua ukachukua kidogo, sema tu. Mie siwezi kukasirika."

Afadhali angekasirika. Bi Mwanaasha alitazama ukuta, pale palipobandikwa picha ya Lulu siku ya kuondoka, na baibui mpya iliyomzidi mabega. Miaka miwili kasoro alikuwa akiihesabu hela ya binti huyu kama mtu anayehesabu dawa, na leo anasamehewa wizi.

"Halafu elfu thelathini kwa mwezi, mama? Umeme peke yake?" Sauti ya Lulu ilishuka. "Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Bibi wa hapa anataka jibu, nirudi au niongeze miaka miwili mingine. Nilikuwa nimeshasema moyoni narudi. Wallahi, hata sanduku nilishaanza kulipanga. Lakini umeme thelathini, chumba hamsini, hujala. Nikirudi nitawalisha nini nyie? Bora nisaini tena."

"Jibu lini?"

"Ijumaa ijayo."

"Basi usijibu mpaka Ijumaa. Upige kwanza. Nitakuwa na hesabu."

"Hesabu gani?"

"Ya umeme. Bei ya yuniti moja, na friji linakula ngapi, na barafu zinaleta ngapi."

Lulu akacheka kidogo, kicheko cha mtoto anayemwonea mzazi wake huruma. "Wewe mama?"

"Mie niliishia la nne, lakini kugawanya niligawanya."

Simu ikakatika kabla ya kuagana. Labda gari lilikuwa limerudi.

*

Kibanda cha Jesca, wakala, kilikuwa kona ya msikiti, na siku ya Jumamosi asubuhi kilikuwa na watu. Bi Mwanaasha alisubiri wapungue. Hakutaka kuuliza mambo ya hela yake mbele za watu, maana Keko Machungwa mtu akiulizia elfu tano asubuhi, jioni imeshakuwa laki.

"Shikamoo bibi. Luku tena?"

"Marahaba. Si luku. Nataka unitazamie kwenye simu yako ile elfu tano ya juzi. Uliiweka yote?"

Jesca akainua macho. Naye alikuwa na lake la kulinda. "Bibi, unanituhumu?"

"Sikutuhumu mwanangu. Mie ndiye ninayetuhumiwa."

Jesca alimtazama kidogo, kisha akavuta simu, akapekua meseji kwa kidole gumba chenye kucha ndefu. "Hii hapa. Elfu tano kamili. Yuniti kumi na moja nukta saba."

"Sasa mbona jirani yangu, mita hiyo hiyo, elfu tano hiyo hiyo, kapata arobaini na moja?"

"Alinunua lini?"

"Tarehe nane."

"Na wewe ishirini na tatu." Jesca akaweka simu chini, akachukua karai la chenji, akalisogeza katikati yao. "Bibi, nyumba yenu ipo kwenye bei ndogo, ya watu wa matumizi madogo. Ila bei ndogo ina mwisho. Yuniti sabini na tano za kwanza za mwezi. Zikiisha hizo, kila yuniti inayofuata ni bei kubwa, mpaka tarehe mosi irudi. Sasa nyie mnanunua wangapi?"

"Wanne. Kwa zamu."

"Basi wa mwanzo wanakula za bei ndogo. Wewe wa mwisho unazikuta zimeshaliwa." Akagonga karai. "Sufuria moja, bibi. Wewe unakuta ukoko, na unaulipia kuliko wali."

Bi Mwanaasha alisimama pale hata mteja mwingine akamwomba apishe. Zamu ilianzishwa ili mtu asimle mwenzake. Kabla ya hapo walikuwa wanamkabidhi Mzee Suleiman hela zote anunue kwa pamoja, mpaka Herieth aliposema mzee anatafuna, tugawane zamu, kila mtu aonekane na mkono wake. Wote waliona ni haki. Yeye mwenyewe aliona ni haki.

Nyumbani akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma. Elfu tano kugawa kwa arobaini na moja. Alianza mara mbili, akakosea mara mbili, akaishia kwenye mia moja ishirini na mbili. Kisha elfu tano kwa kumi na moja nukta saba. Ile nukta ilimsumbua hadi adhana ya adhuhuri. Baada ya swala akakumbuka jinsi mwalimu alivyowafundisha kuitoa kwa kuongeza sifuri upande wa pili, na akiwa na chaki kichwani na harufu ya darasa lile la Mbagala puani, akagawa elfu hamsini kwa mia moja na kumi na saba. Mia nne ishirini na saba.

Mia moja ishirini na mbili. Mia nne ishirini na saba. Umeme uleule, waya uleule.

*

Jumatatu nyumba ilikuwa tupu isipokuwa yeye na Mzee Suleiman. Benjamin alikuwa barabarani kwenye vitanda vyake, Herieth saluni, Farida shule.

"Mzee wangu, nakuomba uzime feni. Na redio. Tangu sasa, saa mbili, mpaka saa nane mchana."

Mzee alikuwa amelala kifua wazi. "Feni? Joto hili?"

"Nataka kupima friji peke yake."

"Bi Mwanaasha, mie nina presha."

"Nitakupa barafu za ubuyu. Bure."

Mzee akafikiri. "Ngapi?"

"Tatu."

"Nne, na moja ya ukwaju."

Akazima. Bi Mwanaasha akapita vyumba vyote kutazama mianya ya milango kama kuna taa, akachomoa chaja yake, kisha akakalia kigoda chini ya mita na kalenda mapajani. Mita ilisema yuniti saba nukta nane sifuri. Akaandika.

Saa sita ni nyingi kwa mtu anayetazama namba. Kila friji liliponguruma, ukutani hakikubadilika kitu, mpaka alipopepesa macho akakuta tisa badala ya sifuri. Alikuwa hajawahi kuketi namna hii kumsubiri mtu tangu siku ile uwanja wa ndege, waliposimama nje ya kioo, Lulu akageuka mara moja tu ndani, akainua mkono usiojua uende wapi. Alijaribu kukumbuka sauti ya miguu ya Lulu kwenye korido hii. Alikuwa na sauti yake ya simu, ya kila Ijumaa, lakini miguu ilikuwa imeanza kumpotea.

Mara mbili Mzee Suleiman alitoka kuuliza kama saa nane bado. Mara ya tatu akaleta kigoda chake, akakaa naye, akijipepea kwa kifuniko cha ndoo. Mwisho akavaa miwani.

"Saba nukta tano tano," akasoma mwenyewe.

Nukta mbili tano kwa saa sita. Mara nne ndiyo siku. Yuniti moja. Friji la Lulu, mchana na usiku, lilikula yuniti moja, na kwa bei ya wa mwanzo yuniti ile ilikuwa shilingi mia moja ishirini na mbili. Hela ya barafu moja na kipande.

Mzee Suleiman aliitazama ile namba kwenye kalenda, akakumbuka elfu thelathini aliyoitamka kwa mkono mmoja, akainuka, akaenda kuwasha feni.

*

Jumatano, magharibi, yuniti zilikwisha. Korido nzima ikaingia giza, friji likatikisika mara moja likanyamaza. Farida akaweka sikio kwenye mlango wake, akaja kumnong'oneza bibi, kama vile chumbani kuna mgonjwa.

Watu wakatoka na tochi za simu. Herieth ndiye wa kwanza.

"Si nilisema? Kumi na moja zitafika wapi? Haya, nani ananunua?"

"Asinunue mtu," alisema Bi Mwanaasha.

Alikuwa ameshikilia kalenda. Alianza taratibu, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Akawaeleza za Jesca. Akawaeleza sabini na tano. Benjamin akasogea karibu na tochi, akafuata kwa penseli kila mstari wa mgawanyo, midomo ikicheza.

"Inalingana," alisema hatimaye. "Mzee alipata ishirini na nane, maana kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza. Mie arobaini na moja. Hapo ni sitini na tisa. Zilibaki sita tu za bei ndogo. Sasa Herieth, wewe ulizikuta hizo sita na zilizobaki ni za bei kubwa. Ulipata ngapi?"

Herieth akafunga kanga yake upya.

"Si ulisema ishirini, kama kawaida?"

"Nilisema."

"Haiwezekani. Kwa hesabu hii ilitakiwa kumi na tano."

Tochi zote zikawa zimemwelekea, na yeye ndiye aliyezoea kuelekeza tochi kwa wengine. Miezi mitatu alikuwa akifungua meseji ile peke yake, mlango umefungwa. Mara ya kwanza alidhani amekosea namba. Mara ya pili aliogopa. Zamu ilikuwa wazo lake, alimtia mzee aibu kwa ajili yake, na kama yeye mwenyewe angeonekana na kumi na tano, nani angemwamini? Akawa anaongeza elfu mbili ya kwake kimyakimya, ya nauli. Na Bi Mwanaasha alipokuja na kumi na moja zake mchana kweupe, bila hata kuzificha, Herieth alimchukia kwa ule ujasiri.

Akawasha simu, akaipitisha. Meseji mbili. Kumi na tano nukta tano. Kisha nne nukta saba.

"Elfu mbili ya kwangu," alisema. "Kila mwezi. Mnicheke."

Hakuna aliyecheka. Benjamin akafuta pua.

"Mama Lulu, nisamehe."

Bi Mwanaasha alimtazama. Alitaka kusema maneno fulani aliyoyapanga tangu Alhamisi, makali, mazuri, lakini yalikuwa yamekwisha kazi. "Friji kweli linakula kuliko chochote humu," alisema. "Yuniti thelathini kwa mwezi. Sikatai. Kwa bei ndogo ni elfu tatu mia sita na sitini. Mie nitatoa elfu nne. Nyie gawaneni iliyobaki, tununue sabini na tano mara moja, tarehe mosi, mchana, hapa hapa koridoni. Ila tusizidi. Herieth aache hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Benjamin msasa wa umeme ubaki kazini, asituletee Jumapili. Mzee na feni yake..."

"Feni niachieni," alisema Mzee Suleiman. "Nitazima taa ya korido."

"Na kodi ya jengo?" Benjamin aliuliza. "Kodi ya jengo si ya mwenye jengo?"

Mzee akatafuta miwani. "Hiyo tutaiongea."

Hapo wakacheka. Tarehe mosi ilikuwa Ijumaa. Walikuwa na usiku wa Jumatano, mchana wa Alhamisi na usiku wake. Kununua sasa ni kununua kwa mia nne ishirini na saba, na nyumba nzima ikakubaliana kukaa gizani. Bi Mwanaasha akatoa barafu zote za ubuyu kabla hazijayeyuka, akazigawa mlango kwa mlango, na wakazila wamekaa sakafuni koridoni kwa tochi moja. Akiba ya siku tatu. Hakuihesabu.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Herieth alisoma namba kwa sauti, na Benjamin akabonyeza. Sabini na tano zikaingia. Mzee Suleiman alizisoma mwenyewe, mara mbili.

Saa tisa Bi Mwanaasha alikuwa amekwishakoga. Kalenda ilikuwa juu ya kitanda, upande wa nyuma ukiwa umeandikwa upya kwa kalamu ya bluu, safi, kama wa mtihani. Umeme wa friji kwa mwezi. Ubuyu, sukari, vifuko. Barafu arobaini kwa siku kwa shilingi mia. Kinachobaki. Chini kabisa, aliandika neno moja akalipigia mstari: *Tunaweza.*

Simu ikaita saa kumi kasorobo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, nimesaini."

Bi Mwanaasha akakaa.

"Jumatano. Walikuwa wanasafiri leo asubuhi kwenda kwao Salala, na bibi akataka karatasi ziwe tayari kabla. Nilimwambia Ijumaa, nina hesabu nasubiri kwa mama. Akasema hesabu gani." Lulu akavuta pumzi. "Nikawaza ile thelathini. Nikaona tu nisaini. Miaka miwili si mingi mama. Hii imepita."

"Imepita."

"Unanisikia?"

"Nakusikia mwanangu."

"Hesabu yako ilisemaje?"

Kalenda ilikuwa hapo, karibu na goti. Elfu tatu mia sita na sitini. Alilipitishia kidole neno la mwisho mpaka wino ukachafuka.

"Mambo ya umeme yamekwisha," alisema. "Ilikuwa zamu tu. Tulikuwa tunakosea zamu. Herieth mwenyewe kaniomba msamaha."

"Kwa hiyo si thelathini?"

"Si thelathini."

"Ngapi sasa?"

"Tunagawana, Lulu. Usisumbuke na hilo. Kidogo tu."

Upande wa Lulu mlio wa kiyoyozi ulisikika, mzito, wa nyumba kubwa isiyo na watu. Halafu Lulu akasema kwa sauti nyingine, ndogo, "Mama, ile elfu tano. Nilivyokuuliza."

"Iache hiyo."

"Nipo peke yangu mpaka warudi. Bando ninalo." Akasita. "Niwekee simu karibu na friji. Nataka kulisikia."

Bi Mwanaasha akaenda, akapiga magoti, akaiweka simu juu ya friji, Farida akisogea pembeni yake. Wakasubiri. Friji lilikuwa kimya. Lilikuwa limekwishapata baridi yake, likapumzika.

"Sisikii kitu, mama."

"Limenyamaza kidogo. Litawaka."

Wakasubiri tena. Mkono wake ulikuwa bado na kalamu, na kalenda alikuwa ameibeba bila kujua. Pembeni, palipobaki nafasi, akaandika mia tatu sitini na tano mara mbili. Mia saba na thelathini. Yuniti moja kila siku. Akazidisha kwa mia moja ishirini na mbili, polepole, akibeba moja, akibeba mbili. Elfu themanini na tisa na sitini. Miaka miwili yote.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Ngoja."

Wiki nzima alikuwa amemgombeza Farida asiache mlango wa friji wazi. Sasa akaushika, akaufungua wote mpaka mwisho. Baridi nyeupe ikamwagika magotini kwao, joto la Keko likaingia kuiamsha mota. Farida akamtazama bibi yake, mdomo wazi, jino likining'inia.

"Bibi, umeme!"

"Acha uliwe," alisema Bi Mwanaasha.

Dakika moja ikapita, ya pili, na kule Maskati hakuna aliyekata simu. Kisha chini, nyuma ya bati, kitu kikagonga, kikatetemeka, na friji likaanza kunguruma.

"Ndilo hilo?" Lulu aliuliza.

"Ndilo."

Farida akasogeza mdomo mpaka ukagusa simu. "Mama, umeamka," akamwambia.

Mlango ukabaki wazi.